Sikio Moja la Charles Mageni

Kabla sijafika mbali niseme mwenyewe, maana watu wa mtaa wetu watakuambia hata usipowauliza: mimi Zakia, muuza kanga, ndiye niliyemtangazia Charles Mageni msiba akiwa hai, amekaa kwenye kiti chake, anaandika. Sikatai. Ila naomba nisikilizwe mpaka mwisho, jambo ambalo kwetu huku ni adimu kama mvua ya Agosti.

Charles ni jirani yangu. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua wa minyaa, hapa nje kidogo ya Mhunze. Alifanya kazi mgodini, upande wa magharibi wanakochimba dhahabu chini kwa chini, miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mawe. Sitanii. Baruti zikishalipuliwa, kabla wenzake hawajaingia, yeye alitangulia na mtaimbo mrefu, mshika taa nyuma yake, akigonga mwamba wa juu, kipande baada ya kipande. Mwamba mzima ukigongwa unalia kama kengele. Uliolegea unatoa sauti nzito ya debe lililoshindiliwa pamba, na huo unaangushwa kabla haujamwangukia mtu. Anasema katika zamu zake hakufa mtu, nami sina sababu ya kumbishia. Taabu ni kwamba zile mashine za kutoboa hazikumwonea huruma. Alistaafu na cheti, saa ya ukutani na sikio moja la kushoto. La kulia aliliacha huko huko chini.

Basi mtu huyu aliyekula kwa kusikia, ukimwamkia kutoka upande wa kulia anakupita kama gogo. Wageni husema ana majivuno. Majivuno anayo, lakini si kwa sababu hiyo.

Tena ni mtu asiye na jina. Kwetu mtu mzima huitwa kwa mtoto wake: mimi ni Mama Tabu, na hata anayenidai madeni ya duka huniita hivyo hivyo. Charles alikuwa Baba Vumilia. Mtoto ni huyo mmoja tu, wa kike. Halafu ikafika siku akawakataza watu kumwita jina hilo, na kwa kuwa hakuwa na mtoto mwingine wa kuazima, tukabaki tukimwita Mzee Charles, kama mgeni wa serikali.

Siku hiyo ilikuwa ya maziko ya mkewe, Mariana, miaka sita iliyopita. Lazima niieleze, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nilishika simu.

Kule mgodini Charles alikuwa na sharti lake. Simu aliiacha juu, na watu wa ofisini aliwaambia: habari yoyote ya nyumbani nitaipata nikipanda, msiniletee chini. Sababu alikuwa nayo. Zamani mwenzake mmoja aliletewa huko chini karatasi ya kufiwa na mama yake, akasimama kuisoma mahali ambapo mwamba ulikuwa haujagongwa. Hakuimaliza. Habari hiyo Charles aliisimulia nyumbani kila alipokuja likizo, mpaka Mariana akawa anaijua kwa moyo. Basi Mariana akaugua alfajiri, na kabla ya alasiri akawa amekata roho. Vumilia alipiga simu ofisini mara tatu. Mara tatu akajibiwa kwamba mzee yuko chini, na sharti ni lake mwenyewe. Alipopanda akawa mgane.

Maziko yakafanyika kesho yake. Kwaya ikaimba, udongo ukaanza kumwagwa, ndipo Vumilia, binti wa miaka ishirini na mitatu, akajitokeza mbele na gitaa la kuazima na wimbo alioutunga usiku ule. Ubeti wa kwanza naukumbuka: *Tuliita, shimo halikuitika. Tuliita tena, shimo likanyamaza.* Kwa bahati mbaya alikuwa amesimama kushoto kwa baba yake.

Charles akainua mkono. "Basi!" Watu zaidi ya mia tatu tukamsikia. "Unanishtaki mbele ya kaburi la mama yako? Hutakanyaga tena hapa kwangu mpaka siku ya kunizika mimi!"

Binti akafunga gitaa kwenye kanga, akaondoka na basi la mchana. Na neno likishasemwa juu ya kaburi lililo wazi, kwetu halifutwi. Hata msemaji akijuta mpaka anakonda, ataondoka nalo.

Charles alijuta. Hakusema, ila kila siku ya gulio alikwenda stendi kutazama mabasi yakishusha abiria. Akiulizwa, anasema anaangalia kama madereva wana nidhamu. Vumilia alikuwa amehamia Buseresere, ng'ambo ya Geita, akawa fundi cherehani, na siku za mapumziko akiimba. Kila Idi alinitumia ujumbe wa kunitakia heri, na chini yake: "Baba yupo?" Namjibu: "Yupo." Mazungumzo yetu ya miaka sita yangeenea kwenye kiganja.

Basi mwaka huu akatoa albamu. Nilikuwa sijui. Charles alijua kabla yangu, sijui kwa nani, na alivyozitafuta hizo nyimbo ni kituko. Gregory, kijana wa Tabora anayewawekea watu nyimbo kwenye flashi pale gulioni, alinisimulia baadaye. Alisema alikuja mzee mmoja, akasimama dukani akigeuza geuza chaja kwa nusu saa, kisha akanong'ona kwa sauti ya kiziwi, yaani gulio zima likamsikia: "Niwekee nyimbo za yule mwanamke wa Buseresere. Si zangu. Ni za mtu."

"Mtu gani, mzee?"

"Mtu."

Gregory akamwekea, akampa na kikaratasi chenye picha na majina ya nyimbo. Mzee akakisoma muda mrefu. Jina la msanii lilikuwa Vumilia Mariana. Jina la albamu, ambalo pia ni jina la wimbo wa sita, wa mwisho: *Tuliita*.

"Hili jina la pili ni la nani?" akauliza.

"La msanii mwenyewe, mzee wangu."

Gregory anasema alidhani mzee amekosa hewa, akamletea kigoda.

Sasa jiweke mahali pake. Binti uliyemfukuza kwa ajili ya wimbo mmoja ameurekodi ule ule, amelitupa jina lako, na sasa unauzwa gulioni karibu na viberiti. Utausikiliza? Charles alikaa na ile flashi siku nne kwenye mfuko wa shati. Siku ya tano, Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, akafunga mlango, akaondoa kitenge kilichofunika ile spika yake kubwa ya magurudumu, akachukua daftari na kalamu kama alivyozoea kuandika ripoti ya zamu, akachomeka flashi. Na kwa kuwa sikio lenyewe ni moja, akafungulia sauti mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa nafagia mbele ya duka. Naomba kila anayenilaumu asimame pale nilipokuwa nimesimama. Spika ile mara ya mwisho kusikika mtaani ilikuwa msiba wa Mariana. Tangu hapo haikutoa hata taarifa ya habari. Mlango umefungwa. Ndani sauti ya mwanamke inaburuza maneno polepole, gitaa moja, zeze linakwangua, hakuna ngoma, hakuna vigelegele. Nyimbo tano za mwanzo ni za Kisukuma, na Kisukuma changu ni cha dukani: salamu, bei na matusi mawili ya kujilinda. Nililolishika ni neno "mayu", mama, na sauti kukatika kama ya mtu anayemeza machozi. Mimi nikisikia kilio sisubiri ubeti wa pili. Nilitupa ufagio, nikajifunga kanga, nikasema: Inna lillahi, Charles ametutoka.

Utaniuliza, marehemu aliwashaje spika yake mwenyewe? Katika msiba mtu haulizi maswali ya fundi umeme.

Nikamwita Paskazia, jirani wa upande wa pili, ambaye akipewa habari saa mbili, saa mbili na robo kuni zimefika. Zikafika. Wanawake wakaja na mabua ya pamba kichwani, unga, ndoo za maji. Wanaume wakaja na mabenchi na nyuso za kazi. Bartholomeo, katekista, akaja na kitabu chake na karatasi aliyokwisha kuandikia wasifu wa marehemu njiani, juu ya tangi la pikipiki. Hatukugonga mlango. Tulidhani waliomo ndani wanamwosha.

Na mimi nikashika simu.

"Vumilia mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo, Mama Tabu."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Niko kwenye cherehani. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Baba anaumwa kidogo. Jitahidi ufike leo."

 Nikasikia mkasi ukianguka.

Kila aliyezaliwa nchi hii anajua maana ya "anaumwa kidogo, jitahidi ufike leo". Kifo hakisemwi kwenye simu. Mtu yuko mbali, yuko peke yake. Ukimwambia ukweli ataanguka barabarani. Unampa uongo mwembamba ambao anauona mpaka upande wa pili, naye anaupokea kwa adabu. Ndivyo tulivyolelewa. Sikujua kwamba adabu hiyo itanirudia kabla chai haijachemka.

Maana wimbo wa tano, baada ya kurudiwa rudiwa kama wenzake, uliisha, na mlango ukafunguliwa.

Akatoka Charles, miwani puani, kalamu sikioni, lile lisilo na kazi nyingine. Akasimama kizingitini. Mbele yake watu kama hamsini, mioto mitatu, sufuria la msiba la parokia. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akaondoa kofia.

"Poleni," akasema. "Nani amefariki?"

Paskazia akaangusha mwiko. Mzee mmoja akaanza kusali upya, safari hii kwa ajili yake mwenyewe. Bartholomeo, ambaye cheo chake kilimlazimu ajibu, akakunja karatasi yake taratibu.

"Tulidhani wewe, Mzee Charles."

"Nani aliwaambia?"

 Watu hamsini waligeuka, wote pamoja, wakanitazama.

Nikashika simu tena. "Vumilia! Sikiliza mwanangu. Baba hajambo. Nilikosea. Yuko hapa, mzima, ananitazama vibaya."

"Nashukuru, mama," akajibu, kwa sauti ya mtu anayejikaza mbele ya watu. "Nimeelewa. Nimeshapanda basi."

"Hujaelewa! Hajafa!"

"Ndiyo, mama. Mungu akubariki kwa kunitia moyo. Naomba tu msizike kabla sijafika. Nimwone uso."

"Hakuna cha kuzika, nakuapia!"

"Asante, mama," akasema, akaanza kulia, na nikamsikia abiria wa pembeni akimpa pole.

Kadiri nilivyokazana kumwambia baba yake mzima, ndivyo nilivyozidi kumwua. Nikaona dawa ni moja. Nikampigia tena, nikamtilia Charles simu mkononi. "Mwambie mwenyewe. Sauti yako ataijua."

Akaiweka kwenye sikio la kushoto. Tulisikia sote: "Halo? Mama Tabu? Halo?" Miaka sita hakuwa ameisikia sauti ile ikizungumza. Midomo yake ikacheza. Halafu akaifunika simu kwa kiganja, akanirudishia.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini? Kutamka jina lako?"

"Nikitamka atajua niko hai. Akijua niko hai atashuka. Atashuka Geita, arudi zake. Nilisema mpaka siku ya kunizika."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Nilikuwa nayo mengi, yamepangana mlangoni mwa kinywa, na moja lilikuwa katika yale matusi mawili ya Kisukuma. Yakanigomea. Mzee yule alinitazama na macho ya mtu aliyesimama stendi miaka sita, na nikamwonea huruma. Nikakata simu.

Sisemi tulifanya vyema. Binti alikuwa na safari ya muda wa saa nane, analia bega kwa bega na watu asiowajua, na sisi huku tunajua. Kila nilipokumbuka hilo nilijiona mchawi. Dhambi hiyo tuligawana watu hamsini, na fungu langu nililichukua kubwa.

Ikabaki swali la msiba. Charles alitaka watu watawanyike. Bartholomeo akakataa kwa upole wa kidini. "Moto umewashwa, unga umeletwa. Hatuwezi kumwambia mtu arudi na unga wake nyumbani, ni mkosi." Basi wakakaa. Wakamtolea marehemu kiti, wakamweka chini ya turubai mahali pa heshima, karibu na spika yake iliyoburuzwa nje, akapewa uji wa kwanza. Mchana kutwa watu walifika kutoka mbali wakilia, wakamkuta, wakampa mkono, wakakaa. Wengine walichukia. Mmoja alitoka Shinyanga mjini kwa pikipiki na akasema wazi kwamba amepotezewa siku.

Kufikia adhuhuri Charles alikuwa ameanza kuuzoea ukubwa. "Mlikuwa mmeandika nini juu yangu?" akamwuliza Bartholomeo.

Bartholomeo akakunjua karatasi. "Alikuwa mchapakazi, mcha Mungu, mtu wa msimamo."

"Msimamo maana yake nini?"

"Ubishi," akasema Paskazia kutoka kwenye sufuria, na hakumwangalia.

 Charles aliligeukia daftari lake, nami nikachungulia. Alikuwa ameziandikia zile nyimbo ripoti, kwa mwandiko ule wa zamu. Wa kwanza: *Mzima. Unalia vizuri. Mlango wake wa kuingilia mrefu mno.* Wa pili: *Umelegea upande wa gitaa.* Wa tatu: *Mzima. Nimegonga mara mbili kuhakikisha.* Wa nne: *Una ufa lakini unajishikilia.* Wa tano: *Mzima. Hauna ngoma. Kwa nini hauna ngoma?* Chini yake namba sita, na mbele ya sita hakuna kitu. Kumbe alipofungua mlango ule asubuhi hakuwa ametusikia sisi. Alikuwa anaukimbia wimbo.

Saa kumi na moja kasorobo pikipiki ikasimama barabarani, na kabla haijazimwa tukasikia: "Baba weee! Baba yangu weee!"

Naapa tulikuwa tumekubaliana kwamba mtu mmoja amkimbilie amtulize. Tulimchagua Paskazia. Lakini kilio cha kweli kikikujia, mwili hauombi ruhusa: Paskazia aliinuka, akafungua mikono, akalia kumshinda mfiwa, na wanawake wote wakamfuata. Nami nililia. Marehemu wetu amekaa anatutazama, na sisi tunamlilia.

Vumilia akapita katikati yetu, kanga kiunoni, vumbi mpaka kwenye kope. Akapiga magoti mlangoni. "Yuko wapi? Nionyesheni."

Hakuna aliyeonyesha. Nyuma yake kiti kikalia.

"Niko hapa," Charles akasema.

Binti akageuka. Sitaki kuueleza uso wake. Nilikuwa mmoja wa walioufanya uwe vile. Alimtazama baba yake kuanzia kofia mpaka ndala. Kisha akasimama, akakung'uta magoti, akaokota mkoba wake, akatutazama sisi wengine kama watu wa kijiji asichokijua, akaanza kurudi barabarani. Pikipiki ilikuwa bado ipo.

"Mmenidanganya," alisema akipita.

"Nimekudanganya mimi," Charles akasema kwa nguvu. "Mama Tabu alikwambia kweli. Mimi ndiye niliyekataa kusema."

Vumilia akasimama, mgongo ametupa.

"Nilisema siku ya kunizika," Charles akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeanza kukosa msimamo ule wa kwenye karatasi. "Watu wamekuja kunizika. Kuni hizo hapo. Sufuria hilo hapo. Waulize."

"Ni kweli," Bartholomeo akadakia. "Sisi tulikuwa tumeshafika kwenye wasifu."

Mahali pengine watu wangecheka. Vumilia hakucheka. Lakini aligeuka, na macho yake yakaangukia spika, na flashi iliyokuwa ikiwaka kataa kadogo kekundu.

"Umesikiliza?"

"Tano."

Akampa daftari. Alisoma akiwa amesimama, mkoba begani, polepole. Alipofika kwenye tano nikaona kona ya mdomo inacheza.

"Ngoma sikuweka makusudi," akasema.

"Nilijua ni makusudi. Nimeuliza kwa nini."

"Na sita?"

"Sijaugonga."

"Unaogopa."

"Ndiyo," akasema Charles. Katika miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kumsikia akilikubali neno hilo. "Mwamba mbovu haugongwi na mtu mmoja. Mmoja anagonga, mwingine anasimama nyuma yake na taa, amwambie kama unashuka. Hiyo ndiyo sheria. Leo asubuhi nilikuwa peke yangu."

 Vumilia akaweka mkoba chini, akavuta kigoda, akakiweka kushoto kwa baba yake, akakaa. Akabonyeza.

Wimbo wa sita ni wa Kiswahili, ule ule wa kaburini. *Tuliita, shimo halikuitika. Tuliita tena, shimo likanyamaza.* Charles alishika magoti yake kwa mikono miwili. Mkono wa kulia ulinyanyuka kidogo, kama ulivyonyanyuka siku ile, na watu tuliokuwepo siku ile tukautazama. Ukashuka. Ubeti wa pili ulikuwa wa kitanda na maji ya kunywa. Wa tatu, simu ya tatu. Halafu zeze likanyamaza likabaki gitaa, na wa mwisho ukaja karibu kwa kusemwa:

*Nilipotaka kuita mara ya nne, mama akanishika mkono. Mwacheni, akasema, mwacheni agonge kwanza. Asije akapita chini ya mwamba na machozi.*

Wimbo ukaisha. Spika ikabaki inaunguruma.

Charles alikuwa ameinamisha kichwa, sikio zima limeelekea kwa bintiye.

"Ubeti huo," akauliza, "ulikuwepo siku ile?"

"Ulikuwepo, baba. Ndio ulikuwa wa mwisho."

"Hukuniambia."

"Ulisema basi."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali hesabu ya mwalimu. Kisha akafunga daftari, akalitia chini ya kiti, akajifunika uso kwa kofia, akamlilia mkewe. Miaka sita iliyopita hakumlilia; siku ile alikuwa na hasira na hasira ilimchukulia zamu. Sasa alilia kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, na Vumilia akamshika bega. Sisi tulikuwa tayari tumekaa, kanga vichwani, moto unawaka, unga upo, hatukuwa na la kuongeza. Bartholomeo alitoa kalamu, akafuta jina la juu kwenye karatasi yake, akaandika la Mariana, akasimama kusali. Yule mtu wa Shinyanga mjini, aliyepotezewa siku, alikuwa wa kwanza kupiga magoti.

Ugali ulipoiva Paskazia akatoka na ndoo na kata mkononi, akasahau makatazo yote, akaita: "Baba Vumilia, maji ya kunawa!"

Tukamtazama mzee. Alikuwa amempa upande wa kulia, hakumsikia.

"Baba," Vumilia akamwambia kwenye lile la kushoto, "unaitwa."

Akainuka kwenda kunawa.